Paka Kadekezwa, Nyumba Hailali: Dalili, Vyanzo na Namna ya Kurekebisha

Mwongozo huu haumhusu mtu aliyefuga paka wa kukamata panya. Unamhusu yule anayechambua miba ya changu kwa ncha za vidole, mnofu akampa paka, kichwa akala mwenyewe, anayekataa kulala harusini Pangani usiku mmoja kwa sababu "nyumbani atabaki na nani?", anayezima feni kwa kuwa paka kapiga chafya. Nyumba za hivyo hapa Tanga zipo Ngamiani, zipo Chumbageni, na kule Raskazone zipo za mbwa. Malalamiko yake hayapishani sana. Huanza na "paka wangu ana shida", na ukiifuata hiyo shida hatua kwa hatua, mara nyingi unaishia kwenye mkono unaoshika bakuli.

Mara nyingi, si kila mara. Ugonjwa unaweza kuvaa sura ya deko. Kwa hiyo katika kila dalili kagua mwili wa mnyama kwanza, ndipo ukague tabia za watu wa nyumba.

Yasiyosubiri: piga simu kabla ya kuendelea kusoma

Dume anachuchumaa mara kwa mara, anajikamua, mkojo hautoki au yanatoka matone. Njia imeziba. Isipofunguliwa anaweza kufa ndani ya siku moja hadi mbili. Wengi hudhani ni choo kigumu, wakampa mafuta ya nazi na kumsugua tumbo, saa zikapita.

Paka kapewa panadoli, au parasetamoli ya jina lolote. Hili huwapata hasa wale wanaopenda sana: kamgusa masikio, kaona ya moto, kamvunjia nusu kidonge. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo kama letu linavyoweza, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua. Ufizi hugeuka rangi ya kahawia au bluu, uso na nyayo huvimba, pumzi hufupika, yote ndani ya saa chache. Dawa ya kuizima sumu hiyo ipo, lakini inataka kuwahiwa. Diklofenaki na ibuprofeni nazo si za kumpa. Na ujue kwamba joto la kawaida la paka ni nyuzi 38 hadi 39, kwa hiyo masikio ya moto mkononi mwako si homa.

Uzi au utepe unaning'inia mdomoni au nyuma. Usivute. Upande wa pili unaweza kuwa umenasa chini ya ulimi au tumboni, na uzi unaovutwa hukata utumbo kama waya.

Paka anahema kinywa wazi bila kuwa ametoka kukimbia. Au mbwa, mchana wa kaskazi, anahema bila kupumzika, mate yamemjaa, anayumba. Huyo wa pili mmwagie maji ya bomba mwili mzima, mpepee, ndipo umpeleke.

Mtu kang'atwa. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku ileile, hata kama aliyeng'ata ni mnyama wa ndani mliyemlea kwa chupa. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakitibiki; kinga yake ni ile sindano inayochomwa mapema.

Wa kupigiwa ni daktari wa mifugo. Afisa mifugo wa kata atakuelekeza aliyepo jirani. Mwenye duka la pembejeo anauza dawa, na wengine wana uzoefu mkubwa, lakini kuuza dawa si kutibu. Ukipiga, sema hivi: "Shikamoo daktari. Nina paka dume, miaka mitatu, kama kilo nne, hajahasiwa. Tangu jana magharibi anachuchumaa, mkojo hautoki. Katapika mara mbili. Niko Makorora, naweza kumleta sasa hivi." Usianze na jinsi anavyokupokea mlangoni.

Dalili: hali kitu ila kile akitakacho

Huyu ndiye anayeletwa kuliko wote. Kibua hali, dagaa hali, chakula cha pakiti anakinusa na kukikwangulia kama anafukia uchafu. Anakula changu wa kuchemsha, tena wa leo.

Kagua kinywa kwanza. Mwinue mdomo wa juu kwa kidole gumba: ufizi uwe wa waridi, usiwe mwekundu kama damu wala mweupe. Kinywa kinachonuka kama kimeoza, mate yanayodondoka, au kutafuna upande mmoja ni meno, na hapo chakula laini anakipenda kwa sababu kigumu kinamuuma. Kisha pua. Paka mwenye mafua hanusi, na asiponusa hali. Mpashie chakula moto mpaka kiwe vuguvugu, harufu ipande. Akila, shida ilikuwa pua. Vyote vikiwa safi, geukia watu.

Chanzo kinachoongoza ni hiki: kila alipogeuza shingo, kililetwa kingine kilicho bora. Paka hakuzaliwa akijua kwamba changu yumo kwenye friji. Amefundishwa, na somo limerudiwa mara mbili kwa siku.

Marekebisho ni ya siku 7 hadi 10. Weka milo miwili kwa saa maalumu. Bakuli likae chini dakika 20, kisha liondoke, liwe limeguswa au halikuguswa, na hakuna kitu katikati. Siku mbili za kwanza sehemu tatu ziwe chakula cha zamani na moja kipya, kisha nusu kwa nusu, kisha geuza. Mwingine anayempa paka kijio kwa siri, awe bibi, mtoto au dada wa kazi, aambiwe wazi, maana kazi ya wiki nzima inavunjwa na kipande kimoja chini ya meza.

Mpaka wa kusimama: usimshindishe na njaa ili "akome". Paka mzima akipitisha saa 24 bila kutia kitu kinywani, piga simu. Akifika 48 mpeleke. Mnene ndiye wa kuhofiwa zaidi, kwa sababu akikosa chakula siku mbili tatu mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kulijaza, na ini hilo ni gumu kuliokoa. Mtoto wa paka asifike hata saa 12.

Jambo la changu wa kila siku linastahili maneno zaidi. Watu huwatazama paka wa soko la samaki la Deep Sea, wakasema mbona wale wanakula samaki maisha yao yote na wanang'ara? Wale wanakula kichwa, matumbo na mifupa laini. Wakitoka hapo wanakula panya, mjusi na panzi, mnyama mzima na vilivyomo. Wako wa ndani anapewa mnofu mweupe uliochambuliwa, yaani sehemu moja tu ya samaki, tena ile isiyo na chokaa ya mifupa. Mapenzi yamemchagulia kilicho duni.

Samaki mbichi peke yake ana balaa lake. Baadhi ya samaki wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Inapopungua, paka huinamisha kichwa kuelekea kifuani, huyumba kama mlevi, mboni za macho hupanuka, mwisho degedege. Kumpika samaki hukiua kimeng'enya hicho. Samaki wenye mafuta mengi, kama jodari na kibua, wakiwa chakula pekee kwa miezi, humfanya paka akose vitamini E na mafuta ya chini ya ngozi yakavimba. Unamshika mgongoni anapiga kelele, na watu husema "amekuwa mkali". Mpe samaki siku mbili tatu kwa wiki. Siku nyingine kuku, moyo wa ng'ombe, dagaa wakavu waliolowekwa kwenye maji mpaka chumvi na mchanga vikatoka. Maini yasizidi mara moja kwa wiki. Ukimpikia nyama isiyo na mfupa, saga ganda la yai likawa unga, nusu kijiko cha chai kwa kila nusu kilo ya nyama, na mchuzi wa kuchemshia mpe, usiumwage: taurini, ambayo moyo na macho ya paka haviishi bila hiyo, huyeyukia humo.

Mchuzi wa nazi mliokula nyinyi usimpe. Kitunguu maji na kitunguu saumu, viwe vibichi au vimepikwa, huvunja chembe zake za damu. Maziwa nayo: paka aliyeacha kunyonya hana tena uwezo wa kuyasaga vizuri, ndiyo maana anayapenda na kuhara.

Dalili: analia saa tisa usiku mpaka mtu aamke

Akiwa na zaidi ya miaka 10 na kilio kimeanza karibuni, usihangaike na malezi. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, figo, shinikizo la damu na upofu vyote humliza usiku. Dalili za kuambatana ni kukonda huku anakula sana, na kunywa maji kuliko kawaida. Huyo ni wa daktari.

Jike ambaye kizazi hakijatolewa, anayejisugua sakafuni na kuinua makalio ukimgusa mgongo, anataka dume. Ukanda wetu hauna majira ya baridi ya kumpumzisha, kwa hiyo asipopandwa hali hiyo hurudi kila baada ya wiki mbili hadi tatu mwaka mzima. Hakuna ubembelezaji unaoitibu. Anaweza kutolewa kizazi kuanzia miezi mitano hadi sita.

Minyoo pia. Tazama nyuma yake na pale anapolala: vipande vyeupe kama punje za mchele ni tegu. Dawa ipo kwenye maduka ya mifugo, lakini hupimwa kwa uzito wake, na viroboto visipoondolewa tegu hurudi, maana ndivyo vinavyomwambukiza.

Baada ya hayo matatu, kinachobaki ndicho kilicho kikubwa kuliko yote. Alilia usiku mmoja, ukaamka, ukampa kidogo. Kesho akalia mapema kwa robo saa. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na hapa analia usingizi.

Fanya hivi. Mchana usimwache alale kutwa nzima. Jioni, dakika 10 hadi 15, mchezeshe mpaka ahemee: manyoya ya kuku yaliyofungwa kwenye kijiti yanatosha, ila kijiti kifichwe baadaye asije akameza uzi. Mara baada ya mchezo mpe mlo wa mwisho, kama saa nne usiku. Paka huwinda, akala, akajilamba, akalala. Unampa mpangilio wake uleule. Kisha funga mlango wa chumba.

Atakapolia, asijibiwe. Asiitwe jina, asikemewe, taa isiwashwe, kandambili isirushwe mlangoni. Kukemea ni kujibu. Usiku wa tatu hadi wa tano kilio huongezeka badala ya kupungua, na hapo ndipo karibu kila mtu hushindwa. Ukishindwa usiku wa nne, umemfundisha kwamba bei mpya ni usiku nne za kulia, na safari ijayo atalipa bila wasiwasi. Nyumba ya kupanga yenye ukuta mmoja na jirani, mwombe jirani radhi mapema, mwambie ni wiki mbili.

Asubuhi kuna mtego mwingine. Ukimlisha punde unapofungua macho, atajifunza kuyafungua. Adhana ya alfajiri ikikuamsha, swali, bandika chai, fagia, ndipo bakuli. Mlo ufungamane na chai, usifungamane na wewe kuinuka.

Dalili: kanenepa, na watu wanasifu

Paka wengi wa huku hustahili kuwa kilo 3 hadi 4 na nusu. Pitisha vidole ubavuni bila kubonyeza: mbavu zihesabike kama vifundo vya mkono uliokunjua. Mtazame kutoka juu. Awe na kiuno. Tumbo likiwa kubwa lakini mgongo umekonda, hiyo si shibe: minyoo, maji tumboni au mimba, muulize daktari.

Kumpima, mtie kwenye kikapu cha ukindu, kining'inize kwenye mizani ya dukani, kisha toa uzito wa kikapu kitupu. Au panda mizani umempakata, kisha panda peke yako. Pima wiki hadi wiki, siku ileile.

Paka wa kilo 4 anatosheka na gramu 50 hadi 60 za chakula kikavu cha pakiti kwa siku, au gramu 130 hadi 160 za kuku au samaki aliyepikwa. Kimoja kati ya hivyo, si vyote. Mara nyingi hesabu inaharibikia hapo: pakiti haihesabiwi kuwa chakula kwa sababu "hiyo ni ya kuchezea tu". Pima asubuhi chakula cha siku nzima, kitie kwenye kopo lenye mfuniko, na kila anayetaka kumpa achukue humo. Kopo likiisha, siku imeisha. Apungue asilimia 1 hadi 2 ya uzito kwa wiki. Mwenye kilo 6 apunguze gramu 60 hadi 120. Anayeshuka kwa kasi kuliko hapo anaharibu ini.

Dalili: anakojoa kitandani

Paka si najisi, hilo kila mtu Pwani analijua. Mkojo wake ni jambo jingine, na sasa uko kwenye mswala.

Kibofu kwanza: anakwenda mara nyingi, kidogo kidogo, una damu, au analia akikojoa. Mpeleke. Dume asiyetoa kabisa, rudi juu kwenye yasiyosubiri. Mkojo uliorushwa ukutani kwa mkia ulioinuliwa ni wa dume asiyehasiwa anayeweka mipaka, hasa akimsikia paka shume dirishani. Kumhasi humaliza kesi nyingi.

Kisha beseni. Mchanga uwe wa kina cha sentimita 5 hivi, uchafu utolewe kila siku, mchanga wote ubadilishwe kila wiki. Majivu yanalowana na kumchoma nyayo. Beseni lisikae karibu na chakula. Paka wawili, mabeseni matatu. Wenye kudekeza hukosea kwa namna yao hapa: hulipulizia beseni manukato. Pua ya paka haivumilii, akaenda kitandani kwenye harufu ya mtu anayemjua.

Godoro lioshwe kwa sabuni ya unga na maji, kisha siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, lianikwe juani. Usimwage dawa ya klorini juu ya mkojo. Hutoa hewa inayochoma mapafu, yako na yake.

Nyumba yenye mjamzito haihitaji kumtupa paka. Vijidudu vya toksoplasma kwenye kinyesi, vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, huhitaji siku 1 hadi 5 kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo beseni lisafishwe kila siku na mtu mwingine. Yeye aoshe mikono na ale nyama iliyoiva.

Dalili: kochi limechanika

Hakuna ugonjwa hapa, na hakuna ukorofi. Paka lazima akwaruze, ananyoosha mgongo na kuvua maganda ya kucha. Kumkata kucha mpaka kwenye nyama ni ukatili, kumfunga soksi ni upuuzi.

Anataka nguzo, na Tanga ndipo pa kuitengenezea. Mkonge, ulioletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ndio uzi unaozungushiwa nguzo za paka duniani kote. Kuna watu wanaagiza nguzo ya dukani ya bei mbaya, nje imezungushiwa kamba ya kwetu. Chukua mti mkavu wa unene wa sentimita 10, urefu sentimita 90, upigilie kwenye ubao mzito wa sentimita 40 kwa 40. Zungusha kamba ya mkonge ya milimita 8, isiyonuka mafuta, sehemu ya sentimita 60 ya juu. Utahitaji mita 26 hivi. Kila mzunguko uubane na mwenzake kwa nyundo, misumari iwe miwili tu, juu na chini, vichwa vizame ndani. Ikitikisika hata kidogo hataigusa tena. Isimamishe mbele ya kona ya kochi anayoipenda, si uani. Akishaizoea isogeze kiganja kimoja kwa siku.

Dalili: manyoya yanatoka, anajikuna, anapiga chafya

Viroboto kwanza: mchane juu ya karatasi nyeupe iliyolowa. Chembe nyeusi zikitoa rangi nyekundu ni kinyesi cha viroboto. Dawa iwe ya paka, kwa uzito wake. Dawa ya mbwa yenye permethrini humtetemesha paka mpaka kufa. Mafuta ya taa huyalamba yote usiku uleule.

Vikikosekana viroboto, hesabu anaogeshwa mara ngapi. Paka mzima mwenye manyoya mafupi hahitaji kuogeshwa, ulimi unamtosha. Kila Ijumaa na sabuni yenye marashi, ngozi inakauka, anajikuna, nawe unamwogesha zaidi. Ile dawa ya kuua vijidudu inayogeuka maziwa ikiingia kwenye maji ni sumu kwa paka, usiitie kabisa. Chafya na kikohozi: chetezo. Akiwa ndani, udi na ubani visifukizwe na milango imefungwa. Kola ipitishe vidole viwili.

Ngozi yenye magamba, au madoa ya duara yanayoenea, na watoto wa nyumba wameanza kujikuna: daktari kwa paka, zahanati kwa watoto.

Dalili: mbwa anabomoa mlango mwenyewe akitoka

Rekodi kwa simu nusu saa ya kwanza baada ya kutoka. Mbwa anayebomoa kwa hofu huanza ndani ya dakika hizo, kwenye mlango uliotokea, mate yakimtoka. Anayeanza baada ya saa mbili, na kwenye viatu, amechoshwa na upweke tu: mtembeze alfajiri kabla ya jua, dakika 30 hadi 40, na mwachie mfupa mbichi mkubwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa, hapana.

Mwenye hofu hutibiwa kwa kuondoka kidogo kidogo. Shika funguo, kaa tena. Toka sekunde tano, rudi. Toka dakika moja. Ukirudi usimkumbatie mpaka atulie. Kuaga kwa machozi ndiko kunakomwambia kwamba kuna la kuogopwa. Panda dakika kwa wiki kadhaa. Ukiruka hatua unaanza upya.

Mbwa anayekuzuia kuguswa na mumeo, au anayenguruma juu ya bakuli, usimfundishe peke yako wala usimwachie mtoto karibu. Chanjo ya kichaa ni kila mwaka, kuanzia miezi mitatu. Karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, uliza ofisi ya mifugo kama kuna kampeni.

Dalili: walikuwa wawili, sasa ni kumi na wanne

Mimba ya paka ni siku 63 hadi 65, huzaa watatu hadi watano, na anaweza kushika nyingine angali ananyonyesha. Jike wa miezi mitano si mtoto tena. Kwa hiyo chanzo cha kwanza ni hesabu, si huruma. Hasi madume, toa vizazi vya majike, anza na majike.

Chanzo cha pili ni mtu asiyeweza kumpita paka barabarani. Vipimo ni vyepesi. Mgeni ananusa mkojo kabla hajavua viatu? Unaweza kusema kila mmoja alikula lini mara ya mwisho? Wapo wenye macho yaliyogandamana ambao hawajaonwa na daktari kwa kukosa hela? Ukijibu ndiyo, hapana, ndiyo, mlango ufungwe kwa wapya leo. Usiende kuwamwaga sokoni usiku. Paka aliyelelewa na bakuli hajui kugombania utumbo wa samaki. Gawa mmoja mmoja, waliokwisha kuhasiwa, kwa watu unaowafahamu. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumtesa mnyama ni kosa.

Dalili iliyo kwa mwenyewe

Hasafiri. Hamwachii mtu. Ada ya mtoto imechelewa na kopo la samaki halikuchelewa. Mume amehamia kochini. Hapa hatua ya kwanza ni kuandika: wiki moja, kila shilingi iliyomwendea paka, kwenye daftari la matumizi ya nyumba, lionwe na wote. Ya pili ni usiku mmoja nje, na jirani aliyeachiwa kopo lililopimwa, maji, na namba ya daktari. Paka atalala. Asiyeweza kula wala kulala kwa kuwa mbali na mnyama, au asiyezungumza na binadamu yeyote kwa wiki, tatizo limeshatoka kwenye mambo ya paka, aonane na daktari wa watu.

Akifa, mzike kina cha mita moja, mbali na kisima, bila mfuko wa plastiki. Anayelia wiki tatu asichekwe. Kosa la siku zile ni kumletea mtoto wa paka kesho yake ili anyamaze. Kama wa kwanza alikufa ghafla kwa kutapika na kuhara, virusi vya ugonjwa huo vinaweza kukaa ndani ya nyumba hadi mwaka mzima, na mtoto asiyechanjwa anaweza kufa ndani ya siku chache kwenye mto uleule. Matandiko yachomwe. Mabakuli yaoshwe kwa sabuni kwanza, kisha yalowekwe dakika 10 kwenye klorini ya kufulia nguo nyeupe, kikombe kimoja kwa vikombe 30 vya maji. Sakafu nayo hivyo hivyo. Atakayeletwa awe amemaliza chanjo zake zote.